Maalim, Naomba Utoe Meno

Yule dada wa kliniki ya meno alivaa glavu, akaiteremsha taa, kisha akamwambia ami yangu kwa adabu: "Maalim, naomba utoe meno."

Ami akafumba mdomo.

Alinitazama, akatazama mlango. Nikafahamu. Nikatoka nje, nikakaa na wenzangu waliokuwa wakisubiri zamu huku wameshika mashavu. Mlango haukurudishwa vizuri. Nikasikia maji yakifunguliwa, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya yule dada: "Ahaa. Hapa ndipo."

Baadaye, kwa ruhusa ya ami mwenyewe, aliniita nione. Kaakaa lilikuwa jekundu, na wekundu huo ulikuwa na mpaka. Ulianza pleti, ile ya meno ya bandia, ilipoanzia, ukakoma pleti ilipokomea, hata kwenye kile kipembe kidogo kinachozunguka waya wa jino la pembeni. Nje ya mpaka huo kinywa kilikuwa na rangi yake ya kawaida, isipokuwa yale madoa meupe ya mashavuni tuliyokwisha kuyazoea.

Chini ya pleti hapakuwa na weupe wowote.

Sisi sote, nyumbani na hospitali, tulikuwa tukitafuta weupe. Wiki kadhaa zimepita na jambo hilo bado linanikaa kichwani. Ami ameniruhusu kuandika, kwa sharti nisimtaje jina wala mtaa.

Inaondoka, inarudi

Ami anatibiwa limfoma, saratani ya mitoki. Habari za kimo, zile dawa kali za saratani, sitazieleza. Sidhani kuna ukoo Mombasa leo usiozijua. Ninachotaka kukieleza ni kinywa, ambacho hakuna aliyetuonya juu yake.

Madoa ya ukungu wa mdomoni yalipotokea mara ya kwanza tulipewa nistatini, ile dawa ya maji ya kusukutua. Yakaondoka. Yakarudi. Tukapewa flukonazoli ya kumeza. Yakaondoka upesi zaidi, na yakarudi vilevile. Kila yaliporudi, ami aliacha chakula kimoja. Alianza kuacha pilipili na achari, nikasema si neno. Akaacha samaki wa kupaka. Akaacha mbaazi. Mwisho ikawa uji uliopoa, na huo nao alisema una ladha ya shaba. Uzito ukashuka hadi daktari akaahirisha mzunguko mmoja wa dawa za saratani ili kwanza apate nguvu.

Hebu fikirieni hilo. Tiba ya saratani ikasimama kwa sababu ya kinywa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sababu yake. Mke wa ami aliamini tunauziwa dawa bandia, akawa anahama duka moja la dawa hadi jingine kule Mwembe Tayari. Jirani akaleta asali. Mwingine akaleta ndimu na chumvi, akafundisha kusugua kwa kitambaa mpaka madoa yang'oke. Madoa haya hung'oka kweli, na chini yake hubaki nyama nyekundu inayotoka damu. Kwa mtu ambaye chembe nyeupe za damu yake zimeshushwa na dawa, kumchubua kinywa ni kufungua njia ambayo hakuna askari wa kuilinda. Nawasihi muache kusugua.

Halafu lilikuja la mahamri. Ndugu mmoja alisoma mahali kwamba ukungu wa mdomoni ni jamii ya hamira, hivyo mgonjwa asile mahamri, mkate wala kaimati. Ujamaa upo, huo ni ukweli. Zote mbili ni chachu. Lakini hamira tunayokandia unga ni aina nyingine kabisa, na ikishapita kwenye mafuta yanayochemka imekufa. Aliyeshindwa kula samaki akanyimwa na hamri laini aliloweza kulichovya kwenye chai na kulimeza. Sukari ndiyo ilistahili maswali, maana sukari nyingi kinywani huifaa chachu hii. Hamira haikuwa na kosa.

Mkaaji wa siku zote

Jina la chachu hii ni Candida albicans, na huenda unaye sasa hivi unaposoma. Karibu nusu ya watu wazima wenye afya wanaishi naye kinywani bila kumjua. Mate humwosha na yana protini zinazomuua. Bakteria wengine humbana nafasi. Na kinga ya mwili, hasa zile chembe ziitwazo T, humweka mahali pake.

Ukiyaondoa hayo, mambo hubadilika. Kimo hupunguza chembe za kinga. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha mate. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza sukari hata kwenye mate. Dawa za kupandikizwa figo na predinisoloni ya muda mrefu hulaza kinga kwa makusudi. Hata baadhi ya dawa za pumu za kuvuta, usiposukutua baada ya kuzivuta, huacha mabaki kooni yanayompa nafasi. Hapo ile chachu ya mviringo huchipua nyuzi ndefu, na nyuzi hizo hupenya ndani ya ngozi ya kinywa. Mwaka 2016 watafiti walieleza sumu inayotolewa na nyuzi hizo, wakaiita kandidalisini. Ndiyo inayotoboa chembe za mwili na kuleta ule mwasho na maumivu.

Lakini kilichokuwa kikitusumbua sisi kilikuwa kwenye pleti.

Plastiki ya meno ya bandia huonekana laini, kumbe ina vitundu na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Chachu hujishikiza humo. Baada ya saa chache huanza kuzaana na kutoa nyuzi, na kwa muda wa siku mbili tatu huwa imejijengea utando mzima, tabaka juu ya tabaka, pamoja na bakteria, vyote vikiwa vimezama ndani ya utelezi wa sukari na protini vinavyoutengeneza vyenyewe. Wataalamu huuita bayofilamu. Ukoga tunaouondoa kwenye meno kila asubuhi ni bayofilamu pia, ila ule wa ami ulikuwa na chachu ndani yake na haukuondolewa na mtu.

Aliyewahi kutazama jahazi likiwa limelazwa kwenye mchanga maji yakitoka anajua mambo haya kuliko anavyodhani. Chini limeota mwani, na juu ya mwani limeota chaza. Fundi hapaki shahamu juu ya uchafu ule. Hukwangua kwanza, mpaka mbao zionekane, ndipo apake.

Sisi tulikuwa tukipaka.

Kwa nini dawa nzuri ilishindwa

Hapa ndipo nilipotumia usiku mwingi nikisoma, kwa sababu nilitaka kujua kama tulipewa dawa mbovu. Hatukupewa dawa mbovu.

Flukonazoli huizuia chachu isitengeneze mafuta fulani yanayoshikilia ngozi nyembamba inayoizunguka. Ikikosa hayo, haikui. Lakini kwa kawaida haifi. Dawa huifunga mikono, na anayetakiwa kuimaliza ni kinga ya mwili wako. Mtu mwenye kinga kamili hupona bila kujua kwamba kazi waliifanya wawili. Mtu kama ami, yule wa pili hayupo, au yupo hoi. Ongeza na ule utelezi: una aina ya sukari iitwayo glukani inayoinasa dawa kabla haijafika ndani. Na ndani kabisa kuna chembe chache zilizolala, zisizokua, na dawa ya kuzuia kukua haina la kuzifanya. Katika vipimo vya maabara, chachu iliyo ndani ya bayofilamu imewahi kuhimili flukonazoli hata mara 1,000 ya kiasi kinachoizuia ile inayoelea peke yake.

Nistatini nayo ni kisa kingine. Hii hutoboa ngozi hiyo ya chachu na kuiua, lakini lazima iiguse. Haiingii kwenye damu ukiimeza. Ami alikuwa akisukutua kwa uaminifu mara nne kwa siku, pleti ikiwa mdomoni. Dawa iliosha mashavu na ulimi, na haikuingia hata tone kati ya pleti na kaakaa.

Karatasi iliyokuja na dawa haikusema toa meno. Au ilisema kwa herufi ndogo mno na kwa lugha ambayo si yake.

Naipenda historia ya dawa hiyo, nawaomba mnivumilie. Waliigundua wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, wakaitangaza mwaka 1950. Mmoja alikuwa mjini New York, mwingine Albany, na walikuwa wakitumiana vipimo kwa posta ya kawaida. Kijidudu kinachotoa dawa hiyo kilitoka kwenye udongo wa shamba la ng'ombe huko Virginia. Mapato yao waliyatoa yakasaidie utafiti. Nikimwona mke wa ami akiitikisa ile chupa, huwakumbuka.

Alichokuwa akikificha

Swali lililonisumbua zaidi halikuwa la kitabibu. Kwa nini ami alikuwa analala na meno? Anajua hayalaliwi nayo. Aliambiwa tangu siku alipoyachukua.

Nilimwuliza tukiwa wawili tu, baada ya kliniki. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, watu huja."

Mnajua jinsi tunavyozuru mgonjwa hapa. Wengine hupita wakitoka msikitini alfajiri, wengine baada ya isha, na mlango wa mgonjwa haufungwi. Kimo ilikwisha kumla mashavu. Nywele zilikwisha kwenda, nyusi pia. Hakutaka wanafunzi wake wa madrasa wamkute na mdomo uliobonyea. Na kuna lingine alilolisema kwa uchungu zaidi: bila meno ya mbele hawezi kutamka thaa, dhali na dhaa sawasawa. Ulimi unahitaji ncha ya meno. Mtu aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kutoa herufi mahali pake, sasa zimponyoke yeye mbele yao?

Basi pleti ikakaa mdomoni usiku na mchana, ikilegea kadiri alivyokonda, ikimsugua, na kuhifadhi kile tulichokuwa tukikipiga vita.

La tatu hakulisema, nililijua. Aliogopa weupe ule.

Mji huu una kumbukumbu. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini walijifunza kusoma ulimi mweupe na midomo iliyochanika pembeni kama hukumu. Msingi wa woga huo si uzushi. Ripoti ya kwanza kabisa iliyochapishwa Marekani tarehe 5 Juni 1981 juu ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI ilihusu vijana watano wa Los Angeles, na wote watano walikuwa na ukungu wa kandida. Hadi leo Shirika la Afya Duniani huhesabu ukungu wa kinywa usiokwisha kuwa dalili ya hatua ya 3 ya VVU, na ukishuka kwenye umio, hatua ya 4. Kwa hiyo ndiyo, mtu mwenye ukungu wa kinywa usio na sababu inayojulikana apimwe. Naliandika hilo bila kigugumizi.

Lakini kupimwa kliniki ni jambo moja, na kupimwa kwa macho ya wageni sebuleni ni jambo jingine. Watu wawili watatu walimtazama ami mdomoni, wakaondoka na maneno. Maneno yakatembea. Yakarudi nyumbani kwetu kupitia kwa mtoto.

Hupenda watu kusema mficha maradhi kifo humfichua. Nimeisikia methali hiyo ikitupwa kwa wagonjwa maisha yangu yote, na sijasikia ikitupiwa wale wanaofanya maradhi yafichwe. Ami hakuficha kwa ujinga. Alihesabu atakachopoteza akikifungua kinywa mbele za watu, akaona ni kingi.

Nilizungumza na rafiki yangu wa Kisauni anayeishi na virusi kwa miaka mingi sasa, mzima wa afya, anafanya kazi zake. Nilidhani nitamfundisha habari za bayofilamu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alikumbuka wakati flukonazoli ilikuwa dawa ya wenye fedha, na watu walikufa kwa kushindwa kumeza. Alinitajia Christopher Moraka wa Afrika Kusini, mwanaharakati wa Treatment Action Campaign, aliyekwenda Bungeni mwaka 2000 kuzungumza juu ya bei ya dawa hiyohiyo, akafa mwaka huohuo ukungu ukiwa umemzidi. Wenzake wakaipa kampeni jina lake, wakaagiza dawa isiyo na nembo ya kampuni kutoka Thailand, ambako ilikuwa rahisi mno. Mwaka uliofuata Kenya nasi tukapata sheria ya mali ya viwanda iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje.

"Sisi hatukuona aibu tena kusema mdomo unauma," aliniambia, "kwa sababu aliyenyamaza alizikwa."

Nilipoagana naye nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Wagonjwa wa virusi walipigania mpaka kinywa kikawa sehemu ya uchunguzi wao. Kwetu wa saratani, kwa tuliyoyaona, kinywa ni cha chumba kingine. Waliomchoma ami sindano walitazama damu na mitoki. Waliompa dawa ya ukungu walitazama ulimi. Hakuna aliyeuliza una meno ya bandia, mpaka tulipofika kwa dada mmoja wa kliniki ya meno. Sisemi walikuwa wazembe, foleni nimeiona. Nasema swali hilo ni la maneno manne, na lilituokolea tiba.

Yaliyobadilika

Pleti hutoka usiku. Husuguliwa kwa brashi laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, ili ikiponyoka isivunjike. Si kwa dawa ya meno, maana hukwaruza plastiki na kila mkwaruzo ni makao mapya. Kisha huloweshwa. Pleti ya plastiki tupu huweza kulowekwa kwa muda mfupi kwenye jiki iliyochanganywa na maji mengi, ikasuuzwa sana. Ya ami ina waya, na jiki hula chuma, kwa hiyo yeye alipewa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywa. Hapo pana mtego tulioonywa: klorheksidini na nistatini hubatilishana zikikutana, kwa hiyo huachanishwa kwa muda, si chini ya nusu saa. Nistatini yenyewe anaishika mdomoni akiwa bila pleti, anaizungusha polepole, halafu anakaa bila kula wala kunywa. Kwa kuwa ina sukari, meno yake machache yaliyobaki huyapiga mswaki kwa bidii zaidi. Alitaka kurudia kijiti chake cha mswaki, cha mti. Akaambiwa asubiri mpaka damu ipande, fizi zisije zikachomwa.

Kama una mgonjwa anayetumia dawa nyingine, hasa ya kuyeyusha damu, mwambie daktari kabla ya kupewa flukonazoli, maana hugongana na dawa kadhaa. Na mgonjwa akisema kumeza kunamwuma, chakula kinakwama kifuani, au ana homa, msisubiri siku ya kliniki. Huenda ukungu umeshuka kwenye umio, na hapo kusukutua hakufai kitu.

Kaakaa la ami lilichukua muda kupoa. Mashavuni madoa yalikwisha kwanza. Kisha katika mzunguko uliofuata yakatokea tena, machache, upande wa ulimi. Moyo wangu ulishuka. Nilikuwa nimeamini tumeshinda, na nikaanza kujiuliza kama yale yote niliyosoma yalikuwa ya kujipa matumaini tu. Yule dada alinituliza: kinga ikishuka, mkaaji huyu ataamka, pleti safi au chafu. Tofauti ni kwamba safari hii aliondoka kwa dawa ileile iliyoshindwa mwanzo, na hakuwa na pa kujificha akarudi wiki ya pili. Mzunguko haukuahirishwa.

Pleti yenyewe ni kuukuu na imekwaruzika. Tuliomba mpya. Wakatushauri tusubiri mpaka tiba iishe, maana fizi za mtu anayekonda na kunenepa hazina kipimo, na tutalipia kitu kitakacholegea tena. Kwa sasa hii kuukuu imefinyangwa upya ndani ili ikae.

Ami amerudi madrasa siku mbili kwa wiki, na meno yake mdomoni, na thaa yake mahali pake. Akishaswali isha huyatoa. Mke wa ami ndiye aliyelimaliza suala la wageni, bila kumshauri mtu: amewaambia wote, majirani na jamaa, pamoja na watu wa msikitini, kwamba mgonjwa anazuriwa kati ya alasiri na magharibi. Wachache wamenuna. Bado wanakuja, saa hizo.